Vitenzi vya Señora Amparo

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Furaha. Tulipotoka makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa huko Doonside, magharibi mwa Sydney, viti vikapangwa, sufuria za wali na sombe, kisamvu cha Wakongo, zikafunuliwa, na binti zake wawili wakanifuata mlangoni. Wamekulia hapa, Kiswahili wanakisikia vizuri, ila wakijibu wanajibu kwa Kiingereza. Mkubwa akaniomba niseme maneno machache juu ya mama yao kwa lugha yake mwenyewe, kwa sababu yeye akijaribu anaona aibu mbele ya watu wazima. Nikasimama. Nikasema jinsi alivyonipangisha chumba nikiwa mgeni nisiye na mtu, jinsi alivyopika, jinsi alivyoomba kwa sauti kubwa mpaka majirani wakajua shida zetu zote. Watu walicheka kidogo, wakasema amina, nikakaa. Lakini kulikuwa na jambo moja kati yangu na yeye ambalo sikuweza kulisema pale, kwa sababu Mama Furaha mwenyewe alikufa akiamini uongo niliompa. Nimerudi nyumbani nalo, na tangu siku ile sijapata utulivu. Sasa mimi ni nesi kamili, wanafunzi wananiita auntie, na bado ule mwaka wa lokdauni ya pili haujaniacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Chumba changu kwa Mama Furaha kilikuwa cha nyuma, dirisha likitazama kamba ya nguo na uzio wa jirani, na masomo ya unesi niliyafuata kitandani, kompyuta juu ya mto, mwalimu akigandaganda kwenye skrini. Siku nne za wiki nilifanya shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee karibu na Toongabbie. Upande wetu wa magharibi ulifungwa kuliko sehemu nyingine za Sydney. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa mchana kweupe, na stesheni nilionyesha kibali cha kazi kwenye simu kabla sijapanda treni ambayo mara nyingi nilikuwa peke yangu ndani ya behewa. Kazini tulivaa gauni la plastiki, glavu, barakoa na kioo cha uso, tukafanana wote. Wazee waliokuwa wakinitambua kwa meno yangu yenye mwanya sasa waliniuliza kila asubuhi mimi ni nani. Wageni walikatazwa. Nilikuwa nimeacha kulia kazini, kwa kuwa barakoa ikilowa inaziba pumzi, na nyumbani nikijaribu kulia machozi yalikuwa hayaji.

Señora Amparo alikuwa chumba cha kumi na mbili. Señora ni kama kusema Bi, na yeye hakuitika kwa jina lingine. Alikuwa na miaka themanini na sita, mzaliwa wa Chile, mdogo wa umbo, mwenye nywele nyeupe alizotaka zifungwe nyuma bila unywele mmoja kutoka. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha Kihispania madarasa ya jioni hapa Sydney, akiwafundisha watu wazima wasiojua hata salamu. Ukutani palikuwa na picha ya mumewe, Rodolfo, amesimama kando ya lori lake huko Port Botany, makontena nyuma yake, mkono mmoja juu ya bodi ya lori kama mtu anayemshika ng'ombe wake. Rodolfo alikuwa amefariki miaka kumi na moja kabla. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukila akili ya Señora polepole, na majira yale ya baridi ulifika kwenye Kiingereza chake ukakimaliza. Aliamka asubuhi moja na Kihispania tu. Alituita, alituuliza, alitusihi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwelewa. Akaanza kusukuma sahani. Nilisikia wenzangu kwenye chumba cha chai wakimwita yule wa kupiga kelele, na mmoja akasema, bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Huyu akiendelea kukataa chakula hamalizi mwezi."

Siku moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake na bakuli la kastadi linapoa. Alikuwa amefumba mdomo na macho. Kwa kukosa la kufanya nikavuta droo ya kabati lake, nikakuta daftari la darasani, la jalada gumu, limeandikwa kwa mkono wa mwalimu, mistari imenyooka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno matatu yamepigiwa mstari: hablar, comer, vivir. Chini yake majedwali. Nikasoma kwa sauti, nikiyatamka kama Kiswahili, "Hablo. Hablas. Habla."

Macho yakafunguka. Akaweka kidole kwenye midomo yake, akatikisa kichwa. "Ablo," akasema. "La hache es muda." Nikaelewa kwa kile kidole kwamba ile herufi ya mwanzo haisemi.

"Ablo," nikasema.

"Otra vez." Tena.

"Ablo, ablas, abla."

Alinyanyuka kutoka kwenye mto. Sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya darasa la watu waliochoka kutoka kazini, na hataki wachoke. Alinipeleka hadi jedwali la pili, la comer, ambalo nilikuja kujua ni kula. "Yo como," akasema, akanyooshea kidole bakuli. Nikampa kijiko, akala. "Tú comes," nikasoma, akala. "Él come." Kijiko. "Nosotros comemos." Kijiko. Kulikuwa na mstari mmoja wa ninyi ambao yeye mwenyewe alikuwa ameukata kwa wino mwekundu, na nilipojaribu kuusoma akapunga mkono kuufukuza kama inzi. Watu wa kwao Chile hawautumii. "Ellos comen." Kijiko cha mwisho. Bakuli likabaki tupu. Nilitoka nikamwonyesha nesi wa zamu, naye akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akaandika.

Jioni nilimsimulia Mama Furaha jikoni. Alikuwa ametoka ghala la vyakula vya barafu alikopakia maboksi tangu alfajiri, vidole vimekakamaa, anavipasha moto juu ya mvuke wa sufuria ya sombe. Nikamsomea majedwali niliyonakili. Nilimwambia sielewi kwa nini neno moja libadilike mara sita.

"Njeri mwanangu, mu Français iko sawa," akasema. "Je parle, nous parlons. Mukila njo inabadirika. Mutu anajificha mu mukila."

Nikakaa na hilo, kwamba mkia wa neno ndio unaobadilika. Kwetu mtu hutangulia: ninasema, unasema, anasema, unamjua msemaji kabla hujajua anachofanya. Kwao kitendo kinakuja kwanza, na mtu unamkuta mwishoni kabisa, silabi moja. Mama Furaha alichukua kalamu kwa vile vidole vyake vya baridi akanichorea: wale wa -ar mkia wao ni a, wale wa -er na -ir ni e, na hao wawili ni kama mapacha, wanaachana tu wanapofika kwenye sisi, comemos huku, vivimos kule. Alikuwa amesoma mpaka darasa la pili la sekondari huko Uvira, Kongo, kabla vita havijafunga shule, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii kwa mtu kumwuliza jambo alilolijua. Tulikula bugali, ugali wa kwao, huku tunaimba mikia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha tukaacha kucheka, kwa kuwa siku hizo kikohozi hakikuwa kitu cha kuchekea.

Kwa wiki sita niliishi kwa vitenzi hivyo. Nilichagua vya kazi yangu, na bahati nzuri vingi vilifuata kanuni: kuosha, kuchana nywele, kunywa, kufungua, kutembea, kupumzika. Abro la ventana, nilimwambia, nafungua dirisha. Lavo las manos, naosha mikono. Alinifundisha kwamba mtu wa heshima unamsemesha kwa mkia wa yeye, si wa wewe, hivyo nilimuuliza "¿Bebe agua?", anakunywa maji?, naye aliitikia kama malkia. Sikuweza kumuuliza jana alilalaje, wala kumwambia kesho nitakuwa mapumzikoni. Nilikuwa na wakati uliopo peke yake, na ndani yake tulienea. Uzito wake ulipanda. Wenzangu waliniita nikiwa chumba kingine: njoo umwambie hivi, njoo umuulize vile. Nikaanza kujiona mtu wa maana. Nalitaja hili kwa sababu lilichangia yaliyofuata.

Binti yake, Elisa, alikuwa anaishi upande wa pili wa jiji, nje ya zile kilomita tano tulizoruhusiwa kutembea. Alimwona mama yake kwenye tableti niliyoishika mimi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, na Kihispania chake, alinieleza kwa aibu, kilikuwa cha kuelewa tu. Mama alifundisha nusu ya Sydney, alisema, na mimi nyumbani nilimjibu kwa Kiingereza maisha yangu yote. Kisha akaniomba kitu kimoja. "Akimuulizia baba, tafadhali usimwambie amekufa. Nilimwambia siku ya mazishi, na baadaye akasahau, na kila akiambiwa upya anafiwa upya. Nimeapa hatasikia tena. Mbadilishie mazungumzo." Nikaahidi. Hata sisi darasani tulifundishwa hivyo hivyo.

Na kweli aliuliza. "¿Dónde está Rodolfo?" Rodolfo yuko wapi? Jibu nililolipata kwenye jedwali lilikuwa "Rodolfo trabaja," Rodolfo anafanya kazi. Akatazama picha ya lori, akaridhika. Ikawa hivyo kila siku, swali na jibu, kama sala. Nilijiambia si uongo hasa.

Mpaka asubuhi moja tulipokuwa pungufu. Wenzetu wawili walikuwa wamewekwa karantini, nilikuwa na wazee tisa wa kuosha, na Señora alikataa kunyanyuka. Alishika kingo za kitanda. Kengele za vyumba vingine zinalia. Akauliza, "¿Cuándo llega Rodolfo?" Anafika lini? Nilikijua kitenzi hicho, llegar, kuwasili, kilifuata kanuni vizuri kabisa. Na neno hoy, leo, alinifundisha yeye mwenyewe kutoka kwenye ubao wa tarehe. Nikasema, "Llega hoy." Anafika leo. Niliyasema hayo ili nimalize kazi. Sina sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote.

Aliachia kitanda mara moja. Akanipa mikono, akakubali maji, sabuni, soksi, akataka sketi ya kijivu na rangi ya mdomo ambayo sijui aliikumbukaje. Nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye mlango wa kioo unaotazama maegesho. Nilipopita na trei ya chakula cha mchana, mabonge ya malenge yaliyopondwa na mchuzi wa kahawia, hakuigeukia. "Espero," akasema. Nangoja. Kitenzi cha -ar. Nilipompelekea chai, "Espero." Kila gari lililoingia maegesho alinyoosha shingo, na lilipozima akarudi nyuma kidogo kidogo. Shifti yangu iliisha saa tisa. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake kumuaga, na rangi ya mdomo ilikuwa imemkauka kwenye mikunjo. Alinitazama kupitia kile kioo changu cha uso, akanifahamu vizuri kuliko siku zote, akasema neno moja. "Mientes."

Kwenye treni nilipekua majedwali. Halikuwamo. Nililigeuza kila namna kulitafutia kitenzi chake, na kanuni zote nilizokuwa nazo hazikulifikia. Mama Furaha alikuwa anamenya ndizi niliposimama mlangoni nikalitamka. Kisu kikasimama. "Iko kama mentir," akasema. "Tu mens. Njo kusema: unadanganya." Akanitazama. "Ulimuambia nini yule mama?"

Nilimwambia. Hakunigombeza. Alimalizia ndizi zote, akaziosha, akaziweka motoni, ndipo akasema tukae tule.

Tangu siku ile Señora hakula mkononi mwangu. Nilianza "yo como" na yeye akageuza uso ukutani. Wengine walijaribu, akafumba mdomo. Daftari niliporudi nalo alilisukuma likaanguka chini ya kitanda. Uzito ulioongezeka kwa wiki sita uliondoka kwa wiki mbili. Na kabla sijajua la kufanya, kipimo changu cha korona cha asubuhi kilionyesha mistari miwili. Siku hiyo hiyo wakafunga ubavu wote wa vyumba vyetu. Siku ya nne ya karantini yangu mwenzangu aliniandikia kwamba chumba cha kumi na mbili naye ameambukizwa. Kama ni mimi niliyempelekea, au mwingine, hakuna aliyejua wala atakayejua. Nililala chali nikitazama kamba ya nguo. Nilikuwa na homa, lakini homa haikuwa kitu.

Mama Furaha aliacha sahani nje ya mlango wangu, akavuta kiti akakaa ng'ambo ya korido, tukaongea mlango umefungwa. Nilimwambia nataka kumpigia simu yule mzee nimwombe radhi, ila nimeahidi kutosema ukweli. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Bwana yangu alikufia mu njia, siku tulikimbia. Mi sikuona. Kule mu kambi, batu yote balijua. Balinihurumia. Banasema: atakuya, Mama Furaha, atakuya tu. Miaka mbili nilikuwa naweka sahani yake. Siku nilijua, bale benye balinihurumia njo nilichukia zaidi, kupita benye balimuua." Nikasikia kiti kinasogea. "Muambie ule mama. Asikufe na kungoja."

Niliandaa sentensi nzima mchana ule. Nilikuwa sina wakati uliopita, sikuweza kusema alikufa. Nilikuwa na vivir tu, kuishi, na neno la kukana. Mwenzangu aliyekuwa zamu alikubali kumwekea simu sikioni. Nilisikia mashine ya oksijeni, na pumzi, fupi fupi. Nikasema, "Señora. Hablo yo, Njeri." Nasema mimi, Njeri. Pumzi. "Rodolfo no vive, señora. Rodolfo no llega." Rodolfo haishi. Rodolfo hafiki. Nilikuwa nimepanga kuongeza "yo lloro," mimi nalia, lakini sikufika. Ilitoka sauti ambayo mwanzoni sikudhani ni yake, ndefu, ya chini, kisha jina la mumewe, mara moja, mara mbili, tena na tena, na katikati yake sauti ya mwenzangu kwa Kiingereza, "Umemwambia nini? Njeri, umemwambia nini?" Simu ikakatwa. Señora Amparo alifariki siku ya tatu yake. Mwenzangu hakuniripoti kwa mtu. Sijui kama ilikuwa huruma au alichoka.

Mama Furaha alipouliza kupitia mlangoni, "Alisema nini?" nilijibu, "Alishukuru. Alitulia." Nikamsikia akimshukuru Mungu, akaenda zake jikoni akiimba. Aliubeba ushuhuda huo miaka yote. Aliwasimulia watu wa kanisa namna ukweli ulivyompa amani bibi wa Chile. Kila alipousimulia mbele yangu niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Lokdauni ilipofunguliwa Elisa alinitafuta. Tulikutana kwenye benchi nje ya stesheni ya Toongabbie, kahawa mkononi, barakoa kidevuni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiwa na miguu. Alinishukuru kwa muda mrefu. Alisema nilikuwa mtu pekee aliyezungumza na mama yake mwaka wote ule. Kisha akauliza, "Mwishoni alimuulizia baba?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini nilimwona anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, kama mama yake, nikamwambia yote: anafika leo, sketi ya kijivu, maegesho, neno lile, simu. Sikumtaja Mama Furaha. Aliniuliza nilitumia maneno gani hasa, nikayasema. Akaniomba niyarudie, nikayarudia. Treni mbili zilipita.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Nilimlinda miaka kumi na moja. Umemaliza kwa simu."

"Nisamehe."

"Sijui ni nini nilichokuja kutafuta hapa." Aliongea polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Siwezi kukuchukia, kwa sababu ulimlisha. Na siwezi kukushukuru tena. Naomba usinipigie simu, hata kwa kumbukumbu yake." Alisimama, akaacha kikombe kikiwa kimejaa kwenye benchi, akateremka ngazi kuelekea jukwaa la treni ya mjini. Hakugeuka.

Siku hiyo nilikuwa na shifti ya mchana, iliyokuwa inaanza baada ya dakika ishirini. Niliketi hadi zikabaki tano, nikaenda. Nilivaa gauni, glavu, barakoa, kioo. Kwenye mlango wa chumba cha kumi na mbili walikuwa wameshabandika jina la mzee aliyeletwa asubuhi ile, jina refu la nchi nisiyoijua, na kutoka ndani alikuwa akiita kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia. Nilisimama pale nimeinua mkono. Alikuwa anaomba kitu kimoja, neno lile lile, mara kwa mara. Nikabisha, nikaingia, nikamshika mkono, bila kumwahidi kitu.